Baba Watoto Ataka Tuseme Kitaliano Tu: Tunahamia Italia na Kijana wa Miaka 11

Assalamu alaikum ndugu washauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Shella hapa Malindi. Mume wangu yuko kaskazini mwa Italia, upande wa Brescia, mwaka wa sita huu, anafanya kazi kiwandani. Mwezi uliopita kibali cha kuunganisha familia, kile wanachokiita nulla osta, kimetoka. Sasa mimi na watoto twatakiwa tumfuate.

Kijana wangu alitimiza miaka 11 mwezi wa Machi, yuko Grade 5. Dada yake ana miaka 4. Habari ilipokuja kijana alifurahi, akawatangazia wenzake wote wa chuo cha Kurani na wa mpirani. Sasa amegeuka. Simu ya babake ikiingia, asema ana kazi ya shule. Juzi aliniambia, "Mama, nendeni nyinyi, mimi niacheni kwa bibi." Huyo bibi ni mamangu, na ndiye aliyemlea tangu nilipokuwa nafanya zamu za usiku hotelini.

Mume ataka tusafiri Desemba ili kijana amalize mwaka wake hapa. Tena ameshatoa amri kwamba tukifika, Kiswahili kikae kando, ndani ya nyumba iwe Kitaliano tu, watoto wakishike haraka. Mimi Kitaliano changu ni cha hotelini, cha chumba na taulo. Kijana anacho kile cha ufuoni, ciao na come stai.

Naomba mnisaidie: mume wangu yuko sawa kuhusu lugha? Kijana atarudishwa darasa la chini? Na nimfanyeje mtoto asiyetaka kwenda? Nahofia pia dini yake, maana ameshafika juzuu ya tano.

Mama wa wawili, Shella, Malindi

*

Waalaikum salaam dada yetu,

Tuanze na amri ya baba watoto, kwa sababu mengine mengi yataifuata. Msiache Kiswahili. Twajua anasema hivyo kwa kuwapenda wanawe, na wazazi wengi wa ughaibuni huamua hivyohivyo, lakini hesabu yake haiko sawa.

Kitaliano cha kucheza mpira, kununua mkate na kugombana na wenzake, kijana atakipata kwa mwaka mmoja hadi miwili, mzazi akisema au asiseme, kwa kuwa shuleni atakuwa nacho kama saa 30 kila wiki. Kigumu ni Kitaliano cha vitabuni, cha kueleza kwa nini mto hubadili njia au kuandika insha ya historia. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, alizitenganisha lugha hizi mbili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na tafiti zake zilionyesha kwamba hiyo ya pili huchukua miaka 5 hadi 7. Kinachoisaidia ikue ni mtoto kuwa na mambo yenyewe kichwani kwa lugha anayoimiliki. Akishajua kwa Kiswahili au Kiingereza sehemu ya kumi ni nini na mvuke hugeukaje mvua, darasani atajifunza jina jipya tu. Asipojua, atalazimika kujifunza jambo na jina lake kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watoto wengi hubaki nyuma, wakaonekana wazito wa akili na sio wazito.

Kuna na la pili, ambalo kwetu ni zito zaidi. Miaka miwili ijayo kijana atakuwa na miaka 13. Atakuja na maneno ya shuleni, ya urafiki, ya kutukanwa kwa rangi yake, ya kuchanganyikiwa na mwili wake. Mambo hayo yataka mama mwenye maneno kamili, anayeweza kukanya, kubembeleza na kuuliza swali la pili. Ukiwa umejifungia ndani ya Kitaliano cha chumba na taulo, mtoto atakuacha na kwenda kuyazungumza kwingine. Hata Kitaliano cha babake ni cha kiwandani. Chafaa kazini, lakini si cha kumjengea mtoto sentensi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mezani na chumbani, Kiswahili. Mkifungasha, tieni vitabu vyake vya Grade 4 na 5 vya hesabu na sayansi, na vitabu vitano au sita vya hadithi za Kiswahili. Kila jioni dakika 20: afungue alichosoma shuleni siku ile, akueleze kwa Kiswahili. Huhitaji kujua Kitaliano kumsikiliza. Asipoweza kueleza, hakuelewa, na kesho yake amuulize mwalimu. Baba naye kazi yake iwe kumfundisha maneno 10 kwa siku ya vitu anavyovishika: kifutio, mkoba, ngazi, foleni.

Na wewe ujifunze, dada, tena kwa bidii, lakini darasani. Kuna shule za serikali za watu wazima ziitwazo CPIA, zinazofundisha Kitaliano kwa wageni bure au kwa ada ndogo. Jiandikishe Septemba ileile mtoto anapoanza shule. Utahitaji pia kwa sababu ya mkataba wa uingiaji ambao kila mgeni wa miaka 16 na zaidi hutia sahihi anapofika: unaanza na pointi 16 na unatakiwa ufike 30 kwa miaka miwili, na lugha ya kuzungumza kiwango cha A2, yaani cha mazungumzo mepesi ya kila siku, ni sehemu kubwa ya pointi hizo. Kikao cha mafunzo ya uraia lazima ukihudhurie ndani ya miezi 3. Ukikikosa unakatwa pointi 15.

Jambo moja twakuomba ulikatae kabisa: kijana asifanywe mkalimani wako. Ataanza kuelewa kabla yako, na kishawishi kitakuja cha kumchukua polisi kwenye ofisi za vibali, kwa daktari, benki. Mtoto anayemtafsiria mamake ugonjwa wake au deni lake huanza kumlinda mamake, na akishaanza kumlinda hatamwambia tena shida zake. Kwa makaratasi nendeni patronato, ofisi za msaada zilizo chini ya vyama vya wafanyakazi na mashirika mengine. Wanajaza fomu za vibali, na baba watoto kwa kuwa yuko kiwandani bila shaka anaijua moja.

Sasa safari. Hapa tena twatofautiana na mume wako: msingoje Desemba. Mwaka wa shule Italia huanza Septemba na kwisha Juni, na darasa hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Mtoto anayetimiza 11 mwaka huu huanza Septemba hii darasa la kwanza la shule ya kati, prima media. Darasa hilo huwa limeundwa upya, watoto wametoka shule mbalimbali, hakuna aliye na genge lake. Akifika siku ya kwanza atakuwa mgeni kati ya wageni. Akifika Januari atakuwa mgeni peke yake, katika darasa lililokwisha kujigawa, mwezi wa baridi kali, na jua huko likitua kama saa kumi na moja jioni. Kuikosa nusu ya pili ya Grade 5 si hasara, maana hawamhesabii gredi, wanamhesabia umri. Mkifika Julai atapata na wiki kadhaa za kambi za kiangazi zinazoendeshwa na manispaa au parokia, ambako watoto hucheza kutwa. Mle ndimo Kitaliano cha kwanza huingia bila kalamu. Halafu ile nulla osta ina uhai wa miezi 6 tu ya kuombea viza, na miadi ya viza Nairobi huwa na foleni. Anzeni sasa.

Kurudishwa darasa, basi: kanuni ya Italia, amri namba 394 ya 1999 kifungu cha 45, inasema mtoto wa kigeni aandikishwe darasa la umri wake, wakati wowote wa mwaka, hata karatasi zikiwa pungufu. Baraza la walimu laweza kumweka darasa moja chini au moja juu baada ya kumpima na kutazama alikotoka. Moja tu. Wakitaka kumrudisha msingi, waulize kwa upole sababu iliyoandikwa, na uwaonyeshe karatasi zake. Kabla hujaondoka, chukua kwa mwalimu mkuu barua yenye muhuri inayotaja kila gredi aliyosoma tangu ya kwanza, masomo yake na lugha ya kufundishia. Hiyo lugha ni muhimu, kwa sababu Kiingereza ni somo kule, na mtoto wa Malindi aliyesoma kwa Kiingereza miaka mitano huwa mbele ya darasa zima. Mpe nafasi hiyo aione mwenyewe. Saa tatu za Kiingereza kwa wiki ndizo atakazokuwa anajua kuliko wengine, na mtoto asiyejua lolote saa nyingine zote anazihitaji mno.

Mkutane na walimu wiki ya kwanza na muombe mambo matatu kwa majina yake. La kwanza ni PDP, mpango wa masomo wa mtoto mmoja mmoja, unaoruhusu apewe muda zaidi, maandishi yaliyorahisishwa, na apimwe kwa hatua alizopiga. La pili ni masomo ya ziada ya Kitaliano kwa wageni, yaitwayo Italiano L2. La tatu wazazi wengi hawalijui: shule ya kati hufundisha lugha ya pili ya Ulaya, mara nyingi Kifaransa au Kihispania, saa mbili kwa wiki, na kanuni ya 2009 inaruhusu saa hizo zigeuzwe za Kitaliano kwa mtoto mgeni shule ikikubali kupanga hivyo. Zaidi ya saa 60 kwa mwaka, ombeni mapema kabla ratiba haijafungwa. Mkalimani wa shule mwenye Kiswahili ni adimu; omba wa Kiingereza.

Yako madogo ya darasani yanayomfanya mtoto mwerevu aonekane hajui, na hayo yafundishwe hapa Malindi kabla ya ndege. Walimu wengi kule huandika ubaoni kwa mwandiko wa kuunganisha herufi. Mtoto aliyezoea herufi zilizoachana hawezi kuusoma hata maneno akiyajua. Mpe robo saa kila siku, miezi miwili, anakili kurasa kwa mwandiko huo. Desimali wanaandika kwa mkato: tatu na nusu ni 3,5. Kugawanya wanapanga kinyume na sisi: kigawanyo hukaa kulia, nyuma ya mstari wa kusimama, na jibu chini yake. Baba akupigie picha ya ukurasa mmoja wa hesabu ya huko, kijana afanye mazoezi 10 kwa mpangilio huo, yatosha.

Mitihani mingi ni ya mdomo. Mwanafunzi huitwa mbele, mwalimu huuliza, yeye hujibu wenzake wakisikiliza. Mtoto wetu tumemlea asimkodolee macho mkubwa, ajibu kwa ufupi, asizidishe. Mwalimu wa kule humwona huyo hakusoma, au ana kiburi. Mwambie wazi kwamba kumtazama mwalimu machoni na kusema sana ndiyo adabu ya pale, na kwamba nyumbani adabu yetu iko palepale. Watoto huweza kubeba adabu mbili bila taabu wakielezwa. Kile Kitaliano cha ufuoni nacho kirekebishwe: ciao ni ya rika lake, kwa mwalimu wa shule ya kati ni buongiorno, na humwita prof, akitumia Lei, "wewe" ya heshima, badala ya tu, "wewe" ya marafiki. Watalii wa hapa hawajali, shuleni wanajali.

Alama ni kati ya 1 na 10, na 6 ni kufaulu. Mzazi wa Kenya akiona 6 hufoka. Usifoke, 6 ya mwaka wa kwanza, kwa mtoto aliyeingia bila lugha, ni kazi kubwa aliyoifanya. Lakini weka jicho kwenye mwaka wa tatu. Januari ya mwaka huo, kabla hata ya mtihani wa Juni wa kumaliza shule ya kati, mtachagua aina ya sekondari: liceo (ya masomo ya kuelekea chuo kikuu), ya kiufundi au ya kazi za mikono. Watoto wa wageni husukumwa mno kwenye hiyo ya mwisho kwa sababu ya Kitaliano chao, hata wenye kichwa cha hesabu. Kumbuka ile miaka 5 hadi 7. Mtoto wenu atakuwa na miaka miwili na nusu tu ya Kitaliano. Ushauri wa walimu ni ushauri tu, uamuzi ni wa wazazi.

Tuje kwa kijana mwenyewe. Anayekataa hakatai Italia. Anakataa kumwacha bibi, na anaogopa kuishi na mtu anayemjua kwa simu. Alikuwa na miaka 5 babake alipoondoka. Mnapoungana tena, baba huona mwanawe, mtoto huona mgeni mwenye amri. Muombe mume wako miezi mitatu ya mwanzo asiwe mkemeaji. Kukanya kubaki kwako, yeye awe wa kumpeleka uwanjani, kumwonyesha kituo cha basi, kumkatia nywele. Na tangu sasa simu zisiwe za "unasoma?" Amtumie video ya njia ya kutoka nyumbani hadi shule, ya mlango wa nyumba, ya kitanda atakacholala. Hofu ya mtoto hupungua akijua atalala wapi.

Usimdanganye kwamba mnaenda kutembea au mtarudi karibuni. Mwambie ukweli: tunahamia, na tutakuja kumwona bibi siku fulani, kama tikiti mnaweza kuipanga, kama hamwezi, usiitaje. Aage watu wake sawasawa, mwalimu wa chuo, timu yake, majirani. Bibi mwenyewe amwambie, "Nenda na mamako, nakuruhusu." Mtoto aliyelelewa na bibi huhisi anamsaliti akiondoka, na ruhusa hiyo hakuna mwingine awezaye kuitoa. Kisha mpange siku mbili za simu kwa wiki. Italia iko nyuma yetu saa moja kiangazi na saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo akitoka shule saa 8 mchana, kwa bibi ni saa 9 au 10, kabla ya shughuli za magharibi.

Juzuu zake asizipoteze. Misikiti ya huko ina madarasa ya Jumamosi na Jumapili, walimu wengi wakiwa Waarabu wa Moroko au Wapakistani, na namna ya kufundisha hutofautiana na ya chuo cha hapa. Babake ampeleke, lakini pia kubaliana na ustadhi wake wa sasa amsikilize kwa simu mara mbili kwa wiki, nusu ukurasa mpya na ukurasa mmoja wa marudio. Shuleni, somo la dini ya Kikatoliki ni la hiari: kwenye fomu ya kuandikishwa kuna mahali pa kuweka alama kuwa hashiriki, na kuna chaguo la shughuli nyingine saa hiyo. Msalaba ukutani ataukuta madarasa mengi. Mwambie kabla, asishtuke. Kwa mlo wa shuleni mwombe bila nguruwe, ni ombi la kawaida. Nyakati za swala zitamchanganya, maana Juni magharibi huingia saa tatu na robo usiku. Mwekee ratiba ukutani.

Dada mdogo ni mwepesi zaidi, ila kwa chanjo. Shule ya watoto wa miaka 3 hadi 6 haimpokei asiyekamilisha chanjo 10 za lazima, kwa sheria ya 2017. Kijitabu cha mama na mtoto kitaonyesha pepopunda, dondakoo, kifaduro, polio, homa ya ini aina ya B na surua, lakini matumbwitumbwi na tetekuwanga hazimo katika ratiba ya kawaida ya Kenya. Huchomwa kituo cha afya cha kule, bure. Beba kijitabu halisi, usibebe picha yake. Kijana hatafukuzwa shule kwa kukosa chanjo, lakini mzazi anaweza kutozwa faini ya euro 100 hadi 500. Na ndani ya siku 8 za kazi tangu kuingia nchini, nendeni mkaanze maombi ya kibali cha kuishi. Risiti yake itafungua mlango wa daktari wa watoto.

Mizigoni, nazi na tende hupita. Embe halipiti bila cheti cha mimea, na samli na nyama ya aina yoyote zitatupwa uwanja wa ndege. Jaketi moja kwa kila mtoto latosha, mengine mtanunua huko.

Mwisho, baada ya kufika. Wiki za mwanzo atachangamka, halafu kati ya mwezi wa pili na wa sita tangu mfike huenda akanyamaza shuleni kabisa. Huko ni kusikiliza, lugha inaingia. Msimlazimishe aseme mbele ya wageni. Kipimo chenu ni nyumbani. Akinyamaza shuleni lakini nyumbani anasema, anacheka, anagombana na dadake, mwacheni. Akinyamaza na nyumbani, au tumbo likimuuma kila asubuhi ya shule, au halali, zaidi ya wiki nne hivi, mpelekeni kwa daktari wake wa watoto, ambaye hatawatoza kitu, na aelezwe yote. Kuna pia consultorio, kituo cha serikali cha ushauri wa familia, hakina malipo. Na akitukanwa au kupigwa, andikeni siku, saa na maneno yenyewe, myapeleke kwa mkuu wa shule kwa maandishi. Kila shule ina mwalimu aliyekabidhiwa mambo ya uonevu. Ulizeni jina lake siku ya kuandikisha, msingoje yatokee.